Jani Lililokataa Kuwa Jeupe

Nyanya arobaini na moja zilikufa ndani ya chupa, na Seline Awuor akatiwa ndani kwa ajili hiyo. Kesi yenyewe ndiyo hiyo. Ilimfikia Inspekta Wamalwa Jumatatu asubuhi, ikiwa na siku tano tayari, katika faili jembamba lenye alama ya mafuta ya mandazi kwenye jalada.

"Isome, utie sahihi, uirudishe," OCS, mkuu wake wa kituo cha polisi, alisema. "Yule mwanamke ni mhujumu. Kituo cha utafiti ni mali ya serikali. Na bwanake ni yule mwalimu aliyefutwa kazi kwa sababu ya mdomo."

"Nani alimwona akiziua?"

"Wamalwa, wewe soma. Jumatatu ijayo wale wa gari lisilo na alama wanakuja kumchukua."

"Wanampeleka wapi?"

OCS alimtazama. "Kwani wewe umeingia polisi jana?"

Wanaume watatu wa Eldoret walikuwa wamepanda gari hilo mwaka uliopita. Aliyerudi ni mmoja tu, na siku hizi alikuwa akitembea ameshika ukuta. Wamalwa alichukua kofia yake, akamwita Konstebo Jelagat, wakaenda kuziona hizo maiti za nyanya.

Kituo kilikuwa kando ya barabara ya Kesses, majengo manne ya mawe na uzio wa michongoma. Mkubwa wake, Daktari Githinji, alikuwa mtu mfupi mwenye miwani mizito. Aliwavalisha makoti meupe, akawavua viatu, akawaingiza katika chumba chenye rafu na taa za mirija zilizokuwa zikiwaka mchana kweupe.

Chupa zilikuwa zimepangwa kama za jamu dukani. Ndani ya kila chupa mlikuwa na kitu kama uji ulioganda, na juu ya uji mche wa nyanya urefu wa kidole. Miche yote ilikuwa myeupe pe.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyeacha shule darasa la saba," Wamalwa alisema. "Kwa sababu niliacha darasa la saba."

Githinji alikohoa. "Unaotesha mbegu ya nyanya ndani ya chupa safi. Ikitoa yale majani mawili ya kwanza, unayakata vipande. Vipande unavichovya kwenye maji yenye bakteria fulani wa udongo. Huyo bakteria ana tabia ya kuingia kwenye jani na kuacha mzigo wake humo. Sisi tumembadilishia mzigo. Tumempa jeni ya kuuzuia ugonjwa wa batobato, ule unaokunja majani na kuwamalizia watu mashamba. Na pamoja na jeni hiyo tumefunga nyingine, ya kuulinda mmea dhidi ya dawa inayoitwa kanamaisini."

"Ya nini hiyo ya pili?"

"Ya kuchuja. Bakteria hafiki kwenye kila kipande. Kwa hiyo vipande vyote tunaviweka juu ya chakula chenye kanamaisini. Kisichopokea mzigo kinageuka cheupe, kinakufa. Kilichopokea kinabaki kijani, kinavimba, uvimbe unatoa chipukizi, na chipukizi linakuwa mmea mzima."

"Mlianza na vipande vingapi?"

"Elfu mbili na mia tisa."

"Mkapata mimea?"

"Arobaini na moja. Miaka mitatu, Inspekta. Tarehe nne Juni Seline aliihamisha yote kwenye chakula kipya chenye dawa, ili itoe mizizi. Mkono wake peke yake. Wiki tatu baadaye ikawa hivi unavyoona. Na kabatini mwake tukakuta chupa ya Jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo."

Jelagat alikuwa ameandika Jiki na kuipigia mstari. Wamalwa aliinua chupa moja, akaigeuza kwenye mwanga.

"Jiki hamuitumii hapa?"

"Tunaosha nayo mbegu kabla ya kuziotesha."

"Nani anaosha?"

"Seline."

"Basi mmemkamata mpishi kwa kukutwa na chumvi. Jiki ikimwagwa kwenye mche mchanga kama huu, unakuwaje?"

"Unaungua. Unakuwa kahawia, unalainika, unaanguka."

"Huu umeanguka?"

Githinji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mche ulikuwa umesimama wima, na kila jani lilikuwa na umbo lake kamili.

"Pengine alizidisha kanamaisini," alisema.

"Mmea wenye kinga umeshawahi kuuona ukigeuka mweupe namna hii?"

"Mmoja mmoja hudhoofika. Lakini weupe huu…"

"Weupe huu mmeshauona wapi?"

"Kwenye ile isiyopokea mzigo." Githinji alisema pole pole, kama mtu anayesoma barua ya msiba. "Lakini haiwezekani, Inspekta. Tunayo miche ya kawaida, ndiyo, ya kulinganishia. Ilikuwa rafu ile nyingine, juu ya chakula kisicho na dawa. Kila chupa ina lebo. Tazama: B kwa iliyobadilishwa, K kwa ya kawaida."

"Lebo iko wapi?"

"Juu ya kifuniko."

Wamalwa alifungua kifuniko cha chupa moja, akafungua cha jirani yake, akavibadilisha. Vilikaa vizuri kabisa.

* * *

Seline Awuor alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu. Kwenye chumba cha mahojiano alikataa kiti. Kifua cha blauzi yake kilikuwa kimelowa maziwa, upande huu na ule, na alikuwa amejifunika leso akifikiri haionekani.

"Mtoto ana miezi mingapi?" Jelagat aliuliza.

"Saba. Yuko Langas kwa jirani yangu Perez, baba yake ametoka kutafuta kazi. Nimeomba aletwe anyonye, wakaniambia seli si kiliniki."

"Uliua zile nyanya?" Wamalwa akamuuliza.

"Nizilee miaka mitatu halafu niziue? Hata kuku hafanyi hivyo, Inspekta."

"Siku ile ya kuhamisha, ulijuaje chupa zipi ni zipi?"

"Kwa kifuniko. Kwenye kabati la kufanyia kazi, mbele kuna moto wa spiriti, mikono ndani, mdomo umefungwa kitambaa. Unasoma juu, unafungua, unatoa mche kwa koleo, unaingiza chupa mpya, unafunga. Dakika moja kila mmoja, uchafu usiingie."

"Na kama mtu alibadilisha vifuniko?"

Seline akavuta kiti, akakaa, bila kuambiwa.

"Inspekta, kwenu mtu akifiwa, wanawake wanaazimana sufuria?"

"Tena sana. Watu mia tatu utawapikia na nini?"

"Na baada ya matanga kila mtu anarudi na sufuria yake vipi?"

"Mama yangu alikuwa na alama chini ya zake. Rangi ya mlango, ya bluu."

"Chini. Simjui mwanamke anayeweka alama kwenye kifuniko. Kifuniko kinatembea. Kinakwenda na sufuria ya mwenzako kisirudi." Aliegemea meza. "Pale kituoni chupa zilikuwa zinapotea. Watu wanabeba nyumbani wanatia samli. Na zile arobaini na moja nilikuwa nazipenda kama watoto. Kwa hiyo kila moja niliitia tone la rangi ya kucha, nyekundu, pale kwenye kitako. Yangu mwenyewe, ya harusi ya dada yangu. Sikumwambia mtu. Daktari angesema ni mambo ya jikoni."

"Siku ile hukutazama kitako?"

"Nilikuwa natazama juu. Kitako huwa nakiona wakati wa kuosha. Na siku ile sikuosha mimi."

"Nani aliosha?"

"Bwana Phineas."

Jelagat aliinua kichwa. Phineas alikuwa msaidizi wa Githinji, mwenye digrii mbili.

"Mtu wa digrii mbili akakuoshea chupa?" Wamalwa aliuliza.

"Akaniambia, 'Seline, umechoka, nenda ukanyonyeshe.' Nikamwombea baraka mpaka Langas."

* * *

Chupa zilizooshwa siku ile zilikuwa bado kwenye waya wa kukaushia, maana baada ya kuhamisha hakukuwa na kazi mpya ya chupa, na tangu Seline akamatwe hakuna aliyegusa kitu. Wamalwa na Jelagat walizigeuza moja moja. Arobaini na moja. Vitako vyote vilikuwa safi, hakuna hata tone moja la rangi. Jelagat alikwaruza viwili kwa kucha kuona kama kulikuwa na rangi iliyofutwa. Hapakuwa na kitu.

"Kwa hiyo siku ile alihamisha miche ya kawaida," Jelagat alisema. "Akaitia kwenye dawa, ikafa, kama ilivyopaswa kufa. Hakukosea chochote."

"Na ile ya kweli ilibaki rafu ya pili, imevaa vifuniko vya K, na Phineas akamwahisha nyumbani ili abaki nayo peke yake. Iko wapi sasa?"

Rafu ya pili ilikuwa tupu.

Phineas aliwakuta pale. Alikuwa kijana wa tai, mtanashati, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikono.

"Miche ya kulinganishia? Nilitoa. Ilikuwa imezeeka."

"Ulitoa vipi?"

"Kwa utaratibu, Inspekta. Hapa kila kitu ni utaratibu."

"Na kuosha chupa pia ni utaratibu wako?"

Phineas alicheka vizuri, meno yote. "Kumbe siku hizi mtu akimsaidia mwanamke anahojiwa?"

"Ulishaosha siku nyingine?"

"Sikumbuki."

"Mimi ningekumbuka," Wamalwa alisema. "Nimeosha sufuria mara moja tangu nioe, na bado naikumbuka."

* * *

Utaratibu ulikuwa kweli. Jumanne asubuhi mlinzi wa lango, Mzee Jeconia Ondiek, alifungua kitabu chake na kuweka kidole penyewe: tarehe tano Juni, katoni mbili, chupa arobaini na moja, nyanya za kawaida za kutupa, sahihi ya Phineas.

"Ulizikagua, Mzee?"

"Nikafungua katoni zote mbili. Mimi sifungui lango kwa sababu ya tai. Nikaona nyanya, imeandikwa K, kitabu kinasema K. Ungetaka nifanye nini, omera, ndugu yangu, niiulize nyanya jina?"

"Alikuwa anakwenda kuzitupa wapi?"

"Hapo sasa. Jalala letu liko huku nyuma ya jengo. Yeye akapakia kwenye pikapu, akageukia njia ya Kaptagat. Nikasema moyoni, huyu anatupa takataka mbali kama mtu anayezika mtu."

Jelagat aligonga kalamu kwenye daftari. Alikuwa mkimbiaji wa timu ya polisi, na asubuhi tatu kila juma alikuwa Kaptagat na wenzake, kilomita ishirini kabla ya chai.

"Afande, kuna nyumba ya nailoni kule, ukipita msitu, kabla ya mto. Ilijengwa mwezi wa tano. Ndani imezibwa kwa magunia ya unga ili mtu asione. Sisi tulidhani mtu analima bangi."

"Na hamkuripoti?"

"Tulikuwa tunahesabu sekunde, Afande."

Hata saa moja haikuisha, walikuwa huko. Phineas alikuwa ameshafika, ameinama na mkebe wa maji, tai ameitupa begani. Hakukimbia. Alisimama, akajifuta mikono.

Miche ilikuwa kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia iliyotobolewa chini, mstari baada ya mstari, mirefu kufika magotini, ya kijani kizito. Wamalwa aliihesabu. Thelathini na minane.

"Mitatu iko wapi?"

"Mitatu gani?"

"Katoni mbili zilikuwa na chupa arobaini na moja."

"Ilikauka. Nyanya ya chupani haijazoea upepo. Lakini hizi ni nyanya za kawaida, Inspekta. Badala ya kuzitupa nikapanda. Ni kosa?"

Kwenye kona, juu ya ubao, palikuwa na chupa nne zenye misumari na kamba. Jelagat aliinua moja, akaigeuza. Kitakoni palikuwa na tone jekundu. Ya pili, tone. Ya tatu na ya nne vilevile. Aliziweka chini kwa mpangilio, vitako juu.

Phineas aliyatazama yale matone kama mtu anayeona nyoka kitandani. Halafu uso ukarudi mahali pake.

"Chupa ni chupa. Mwanamke kapaka rangi kwenye chupa yoyote aliyotaka, nani ataapa alipaka zipi? Mbele ya hakimu unahitaji mmea, Inspekta. Na hakuna macho yanayoweza kutofautisha mmea wa kawaida na uliobadilishwa. Mimi nakwambia hivyo kama mtaalamu."

"Macho hayawezi," Wamalwa alikubali. "Dawa je?"

Phineas aliinua mkebe wake, akarudi kumwagilia.

* * *

Kanamaisini ya kituo ilikuwa imekwisha. Mtu wa mwisho kuichukua kwa sahihi alikuwa Phineas. Githinji alishika kichwa. Kuagiza Nairobi ni wiki tatu.

"Hiyo dawa haitibu watu?" Wamalwa aliuliza.

"Inatibu. Kifua kikuu sugu. Na… ugonjwa ule mwingine, penisilini ikishindwa."

Mama Muthoni alikuwa na duka la dawa mjini tangu Wamalwa akiwa konstebo. Alimsikiliza, akashusha miwani mpaka puani.

"Kanamaisini. Ya sindano."

"Ndiyo, Mama."

"Ngapi?"

"Chupa mbili. Hapana, tatu."

"Ngai! Wewe peke yako?"

"Ni ya nyanya, Mama Muthoni."

"Ya nyanya." Alimgeukia Jelagat, akamtazama juu mpaka chini, akamrudia Wamalwa. "Miaka thelathini nauza dawa hii, nimeambiwa ni ya binamu, ni ya dereva, ni ya rafiki wa Malaba. Ya nyanya ndiyo mara ya kwanza. Mke wako anajua hiyo nyanya?"

Jelagat alitoka nje kucheka.

Jumatano, kule Kaptagat, Githinji alipima maji kwa mkono wake mwenyewe, akayeyusha dawa. Wamalwa alikuwa amenunua miche kumi ya nyanya kwa mwanamke wa sokoni, kimo kile kile, mbele ya mashahidi. Aliipanga katikati ya ile ya Phineas. Kwa kila mche walichagua majani mawili machanga yanayokua, wakayapaka dawa kwa brashi, wakafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo. Phineas alilazimishwa kutazama na kutia sahihi kwamba ameona.

"Itachukua muda gani?" Wamalwa aliuliza.

"Siku nne. Tano. Sijawahi kuifanya kwenye mmea mkubwa hivi," Githinji alisema. "Nimeisoma tu."

"Tuna siku tano. Ya sita haipo."

Jelagat alihamia pale na blanketi na bunduki. Kufuli mbili ziliwekwa mlangoni, ufunguo mmoja kwa Githinji na mwingine kwa Wamalwa, ili asiwepo mtu wa kusema polisi walibadilisha.

Alhamisi OCS alimwita. "Nimesikia unapaka nyanya dawa ya kisonono."

"Ndiyo, Afande."

"Wilaya nzima inacheka."

"Wacheke mpaka Jumatatu."

"Na kama Jumatatu zote zitabaki kijani?"

"Seline anapanda gari."

"Na wewe unavua hiyo nyota. Nataka uelewe."

Jumamosi redio ilitangaza fujo za kuipinga serikali huko Nairobi, na OCS akaongeza askari langoni. Siku kama zile kila ofisi ilitafuta mhujumu wa kumwonyesha mkubwa. Wamalwa alikwenda seli kumwambia Seline avumilie siku mbili. Seline alimuuliza kama mtoto anakula. Wamalwa alimwambia anakula uji. Hakumwambia kwamba Perez alisema mtoto analia mpaka sauti inakauka.

* * *

Jumatatu tarehe tisa Julai, saa tatu, magari matatu yalisimama Kaptagat. Katika la kwanza alikuwa OCS. La pili halikuwa na alama, na lilimshusha mwanamume wa koti refu ambaye hakujitambulisha wala hakuulizwa. La tatu lilimleta Seline, pingu mkononi, na Phineas upande wa pili, tai yake imenyooka. Kundi la wakimbiaji lililokuwa likipita lilisimama kwenye uzio, jasho likitoka moshi kwa baridi.

Githinji alitoa ufunguo wake. Akafungua kufuli ya kwanza. Wamalwa akafungua ya pili.

"Konstebo, mtu ameingia?"

"Hakuna, Afande. Hata panya nimemrudisha."

"Mmea wa kwanza wa sokoni uko wapi?"

Jelagat aliuleta. Majani yenye uzi mwekundu yalikuwa yametoka mabaka meupe, kama nguo iliyodondokewa na Jiki. Majani mengine ya mmea huo huo yalikuwa mazima. Akaleta wa pili. Mabaka. Wa tatu, wa nne, mpaka kumi. Yote kumi mabaka.

"Hizo ni nyanya za kawaida," Wamalwa alisema kwa sauti ya kufika kwenye uzio. "Nilinunua sokoni, risiti hii, mashahidi hawa. Bwana Phineas anasema na hizi zake ni za kawaida. Ametia sahihi. Sasa Daktari, soma uzi mmoja baada ya mwingine."

Githinji alianza mstari wa kwanza. Aliinama, akashika jani kwa ncha za vidole. "Kijani." Akasogea. "Kijani." Akasogea. Kufikia la tano alikuwa hanong'oni tena. Kufikia la kumi wakimbiaji walikuwa wameanza kumjibu. "Kijani!" anasema, na uzio mzima, "Kijani!" Kuna msichana mmoja aliyekuwa akihesabu kwa vidole, vikaisha, akaazima vya mwenzake. Ishirini. Ishirini na tisa. Thelathini na tano. Mwanamume wa koti refu alijikuta amesogea mpaka mlangoni kuona.

"Thelathini na minane," Githinji alisema, na miwani yake ilikuwa imelowa. "Yote ni kijani. Inspekta, ni yetu. Ni yetu yote!"

Wakimbiaji walipiga vigelegele. Hata dereva wa gari lisilo na alama alicheka, kisha akakumbuka kazi yake.

OCS alimgeukia Phineas. "Una la kusema?"

Phineas alikuwa akiitazama miche. "Vile vipande elfu mbili na mia tisa, nusu nilikata mimi. Karatasi ya utafiti ilipotumwa ng'ambo, jina langu halikuwemo. Jina lilikuwa moja." Alimwelekea Githinji. "Ningeipeleka miche hii kwa jina langu. Na zile za kituo zikifa, nani angenibishia?"

"Na mwanamke huyu?" Wamalwa aliuliza.

"Ni fundi tu. Nilijua atafukuzwa kazi. Sikujua watamfunga."

"Ulipojua, ulisema?"

Jelagat alizitoa pingu kwenye mikono ya Seline na kumvisha Phineas, zikiwa bado na joto.

Mwanamume wa koti refu alizungumza kwa mara ya kwanza. "Huyu ni mwizi. Wezi si kazi yetu." Akaingia garini, na gari likaondoka tupu. Hakuna mtu wa Eldoret aliyekuwa amewahi kuliona likiondoka tupu.

Seline hakulitazama. Alikuwa ameingia kati ya mistari, anashika jani hili na lile, anaondoa la njano, anabana udongo kwa dole gumba. Githinji alimfuata nyuma na kofia mkononi.

"Seline, nilikosa. Nisamehe."

"Hizi zimenyweshwa maji mengi mno," Seline alisema. "Na mikebe imekuwa midogo. Leo ndiyo siku ya kuhamisha. Na hiyo karatasi yako, Daktari, safari hii itakuwa na majina ya kila mtu aliyekata."

"Itakuwa nayo."

"Hata la huyo mwizi. Alikata kweli."

Githinji aliinamisha kichwa. "Hata lake."

"Sawa. Lakini kwanza nipelekwe Langas."

Wamalwa alimpeleka mwenyewe. Perez alikuwa mlangoni na mtoto. Seline alimpokea, akakaa pale pale kwenye ngazi, akafungua blauzi. Mtoto alishika ziwa, akavuta, akavuta tena, akaliachia na kulia. Maziwa yalikuwa yameshakauka tangu Ijumaa.

Jioni Wamalwa aliandika ripoti. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na sehemu ya mwisho aliiandika hivi:

Miche iliyopatikana, thelathini na minane. Iliyokufa, mitatu, na haiwezi kupatikana tena. Wataalamu kituoni waliokuwa wawili, amebaki mmoja. Mshtakiwa asiye na hatia alikaa ndani usiku kumi na mbili. Mtoto wake wa miezi saba ameachishwa ziwa.